Kikulacho

Kazi yangu ni slipa.
Mlangoni mwa kiwanda cha zamani cha soksi, mjini Alytus,
nagawa slipa za sufu, napokea viatu,
natoa kibati chenye namba, nasema:
Msiguse. Zimeni simu. Msitu unaanzia kulia.

Msitu wenyewe kaufuma Vaiva
kwa nyuzi zilizosahauliwa stoo,
kijani cha jeshi, kahawia ya chai iliyolala.
Kafuma kangaga refu kuliko mlinzi,
kafuma kuvumwani, kazivika ngazi
hata huzisikii nyayo zako mwenyewe.
Chini ya sakafu ya kioo kapitisha nyaya za mwanga,
zawaka, zazima, zawaka mbali zaidi:
ndivyo, asema, miti ipelekeanavyo habari
kwa utando wa kuvu, mzizi kwa mzizi,
ukimwumiza wa huku, wa kule anajua.
Watu hulala chali wakatazama. Wengine hulia.
Kijana mmoja alisinzia; nilipomwamsha
aliuliza kama basi la mwisho limeondoka.
Lilikuwa limeondoka.

Jumanne, siku ya nusu bei, akaja Marcelė,
miaka themanini na mitatu, kikapu mkononi, kisu kiunoni.
Kisu nilikiweka pamoja na viatu vyake, namba sitini na moja.
Kikapu alikataa.
Alizunguka taratibu
kama mtu akaguaye shamba la jirani.
"Zenonai," akaniita, "huyu voveraitė
mmemkalisha vibaya." (Uyoga wa manjano;
kwetu jina lake ni kindi mdogo.)
"Huyu hukaa na msonobari, tena si msonobari wowote.
Na haji kwa mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ni ya kuamsha tu."
Vaiva alikuwa nyuma yetu, akiandika kiganjani.

Kisha kikongwe akasimama kona ya mashariki,
pale taa zisipofika,
akainua pua.
"Na huyu kaletwa na nani?"

Nikamwambia kona hiyo haina kitu.
Akapiga magoti, akafunua pazia la nyuzi.
Ukutani, juu ya ubao,
kuvu halisi, pana kama sinia,
kifua rangi ya kutu, ukingo mweupe
kama maziwa yanayotaka kufurika,
na juu yake matone, matone safi,
jasho la mfanyakazi wa zamu ya usiku.

"Huyu hali majani," akasema. "Hula nyumba."
Akagonga boriti kwa kifundo cha kidole.
Boriti ikajibu kama mkate mkavu.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Naam, na nguo yenyewe tulimfumia sisi,
tukamwekea joto, tukamnyunyizia unyevu
kila asubuhi saa mbili kamili, kwa mashine ya mkopo.

Mhandisi wa manispaa alikuja na karatasi, na dawa kwenye mitungi.
Vaiva aliomba usiku mmoja. Alipewa.
Alizima nyaya zote, akaketi sakafuni kwenye kona ile,
Marcelė ubavuni pake akikata mkate kwa mkono,
uyoga wa chumvi ukitoka kikapuni kwenye chupa ya jemu.
Nami nilipaswa kufunga mlango.
Niliufunga, nikiwa ndani.
Hakuna aliyesema neno la kukumbukwa.
Mara moja tu Vaiva alicheka:
"Miezi minane nimefuma," akasema,
"na yeye hakuomba hata uzi."

Maonyesho yalifungwa siku kumi na tisa kabla ya tarehe.
Slipa nilizihesabu: imepungua jozi moja.
Rafuni vimebaki viatu vya namba sitini na moja, na kisu.

Septemba nikavipeleka.
Nyumba yake ilikuwa imefungwa; jirani, bila kugeuka,
akanyoosha kidole kwenye misonobari.
Nikafika ukingoni pa miti. Mvua ilikuwa ya tatu, au ya nne.
Nikasimama, viatu vya mtu mkononi,
nikajikuta natafuta mahali pa kuvua vyangu.